Kabla ya Kukopa Pesa ya Safari: Permi ya Kazi ya Shamba Ng'ambo ya Ziwa

(Maneno yaliyotolewa mbele ya wanachama, Ankoro)



Komite imeniomba niseme juu ya neno moja linalosumbua kisanduku chetu. Vijana wanaomba mkopo wa safari: kutoka hapa mpaka Kalemie, kisha boti mpaka Kigoma, waende kuvuna nyanya na vitunguu miezi mitatu, minne, halafu warudi na mfuko. Komisionere anawaambia: «Kazi iko mingi, utapata permi ukifika.» Leo tuangalie kama sheria inasema vile.

Tuanze na mukanda wa zamani. Kati yenu wako waliokaa Lugufu ao Nyarugusu, na karte ya ukimbizi wameitunza vizuri ndani ya sanduku. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 juu ya ajira za wageni inagawa permi za kazi kwa madaraja, toka A mpaka E. Daraja E ni la wakimbizi. Lakini wewe ulitia saini fomu ya kurudi kwa hiari, ukarudi kwenu, ukajenga. Sasa wewe si mkimbizi tena. Ukivuka ziwa leo unavuka kama mgeni wa kawaida, hata kama unajua njia zote za kule na Kiswahili chao unakisema bila shida.

La pili: nani anaomba permi? Mwajiri ndiye anayeiomba, kwa Kamishna wa Kazi, na anaiomba kwa kazi ile moja. Mbele ya kuitoa, Kamishna lazima aridhike kwamba mwenye ujuzi ule alitafutwa kati ya raia na hakupatikana. Sasa jiulizeni wenyewe: Kigoma nzima hakuna mtu anayejua kuchuma nyanya? Ndio maana permi hizi zinaenda zaidi kwa mainjinia na wataalamu. Kwa kibarua wa shamba mlango ni mwembamba sana.

Na hata ukiipata, haitoshi peke yake. Unahitaji pia kibali cha kukaa, na hicho kinatoka Uhamiaji. Permi ya kazi ni ya miezi 24, inaweza kuongezwa, na ni ya mwajiri yule yule. Ukihamia shamba la jirani kwa sababu analipa vizuri, ile permi haikufuati.

Wengine watauliza: «Lakini Kongo si tumeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki?» Ni kweli, tangu Julai 2022 sisi ni wanachama kamili. Na ile Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu mwaka 2010, inasema juu ya wafanyakazi kupita kwa uhuru. Lakini musome mpaka mwisho. Permi haikufutwa: aliyepata mkataba anatakiwa kuiomba ndani ya siku 15 za kazi. Na Tanzania iliandika orodha yake ya kazi inazofungulia wageni. Kuwa ndani ya Jumuiya hakumaanishi kila kazi iko wazi. Na wale wanaotazama upande wa Zambia wajue: Zambia haimo kabisa ndani ya Jumuiya hiyo.

Tusiwaone Watanzania wabaya. Hata kwetu, Kode ya kazi ya mwaka 2002 inamtaka mgeni awe na karte ya kazi. Kila serikali inalinda kazi ya watu wake.

Hatari iko wapi? Mtu asiye na permi anavuna msimu wote, siku ya malipo patron anamwambia: «Nenda ukanishtaki.» Ataenda wapi? Akifika polisi, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa mukanda. Anarudi mikono mitupu, na deni la kisanduku linamngoja mama yake hapa nyumbani. Kisanduku hiki ni jasho la wajane na wavuvi.

Kwa hiyo ninaleta pendekezo. Mwanachama akiomba mkopo wa safari ya kazi, komite imuulize mambo manne:

1. Mkataba wa maandishi uko wapi, na jina la mwajiri ni nani?
2. Mwajiri amekwisha kuomba permi? Aonyeshe.
3. Nani analipa gharama za permi na safari ya kurudi?
4. Una mukanda wa kuvukia mpaka? Karte ya elektere inakutambulisha hapa. Haikupi ruhusa ya kufanya kazi kule.

Jibu moja likikosa, mkopo ungoje. Si kumzuia mtoto wa mtu kutembea. Ni kukataa kulipia hasara ambayo tunaiona mbele.

Na kijana yule yule akisema, «Nipeni pesa hiyo ya boti ninunue mbegu na ndoo za kumwagilia,» tumsikilize. Luvua na Lualaba zinakutana hapa hapa, maji hatuendi kuyaomba kwa mtu, na nyanya ya Ankoro haiombi permi.

Maswali sasa, wamama waanze.