Mbegu iliyolala na mbegu isiyoweza kungoja

*Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti kwa vikundi vya vitalu vya miti na mboga za kienyeji, Kericho*

  Najua wengi wenu mmeacha majani chai shambani ili kuja hapa, kwa hivyo sitawazungusha.

Mimi si afisa wa misitu wala wa kilimo. Kazi yangu ni habari. Lakini habari hutokana na maswali, na kuna swali moja linalorudi kila msimu wa mvua: mbona mbegu yangu haikuota? Mama mmoja amenunua mbegu ya isageek, akapanda, akamwagilia, na wiki tatu baadaye kitalu ni kitupu. Kikundi kimeokota mbegu za tendwet msituni, kikazihifadhi vizuri kwenye mkebe, kikazipanda mvua ilipoanza, na hakuna hata moja iliyotokeza. Wote wanasema neno moja: mbegu ni mbovu. Nimewauliza wataalamu wetu, na nimegundua kwamba hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Mbegu ya mama huenda ilikuwa imelala. Mbegu ya kikundi ilikuwa imekufa, na iliulia mkebeni.

Tuanze na ile iliyolala.

Sisi tumezoea mahindi na maharagwe. Ukiyatia kwenye udongo wenye unyevu, baada ya wiki moja hivi umeona kijani. Tumeyazoea hivyo hadi tunadhani kila mbegu ina wajibu wa kuota ikipata maji. Ukweli ni kwamba wakulima wa kale, kwa maelfu ya miaka, walikuwa wakichagua mbegu zinazoota upesi na kwa pamoja. Zile zilizochelewa hazikuvunwa, kwa hivyo hazikupandwa tena. Ndiyo maana mvua ikizidi wakati wa kuvuna, mahindi huota yakiwa bado kwenye gunzi. Yamesahau kulala.

Mmea wa porini hauna mtu wa kuuwekea mbegu ghalani. Ukiangusha mbegu mia moja na zote zikaota kwa mvua moja ya kupita, kisha jua likawaka wiki tatu, ukoo mzima umekwisha. Kwa hivyo mmea huo hugawanya hatari: nyingine ziote sasa, nyingine mwaka ujao, nyingine baadaye zaidi. Mzee mwenye ng'ombe hafungi mifugo yake yote katika boma moja, na mmea nao hufanya vivyo hivyo.

Isageek, ambayo sokoni wengi huiita saga na kwa Kiswahili sanifu ni mgagani, tunaila kila nyumba hapa, lakini bado ina tabia za porini. Wote mmeiona ikijiotea kwenye boma la zamani la ng'ombe bila kupandwa na mtu. Mbegu yake ikitoka tu kwenye ganda huwa imelala, na inahitaji kukaa ikiwa kavu kwa miezi kadhaa, mara nyingi mitatu hadi sita, kabla ya kuota vizuri. Sasa fikiria kinachotokea. Bei ya mboga inapanda, mtu anavuna mbegu leo, anaiuza wiki ijayo ikiwa mpya kabisa na inang'aa. Mnunuzi anafurahi kwa sababu ni mbegu mpya. Kumbe upya huo ndio tatizo. Kwa isageek, mbegu ya msimu uliopita iliyohifadhiwa mahali pakavu ni bora kuliko ya juzi.

Kuna mambo mengine mawili kuhusu isageek. Mwanga huizuia kuota, kwa hivyo ukiitawanya juu ya udongo na kuiacha wazi, unaizuia wewe mwenyewe. Ifunike kwa udongo laini, tabaka jembamba tu, kwani ni mbegu ndogo na haina nguvu ya kutoka chini sana. Pia inataka udongo wenye joto. Sisi tunaoishi huku juu kwenye chai, ambako usiku ni baridi, tuweke kitalu mahali panapopata jua la asubuhi hadi jioni. Ndugu zetu wa Soin wana nafuu hapo.

Mbegu nyingine hulala kwa sababu ganda lake halipitishi maji. Za jamii ya migunga ni hivyo. Miwati ndiyo mfano mnaoufahamu zaidi, ingawa si mti wetu wa asili. Uliletwa kutoka Australia. Mkikata miwati na kuchoma matawi papo hapo, mvua ikinyesha miche huota kama zulia. Hakuna aliyeipanda. Mbegu zilikuwa udongoni miaka mingi, na moto ndio uliopasua maganda. Kitaluni hatuhitaji moto. Chemsha maji, yaepue, mimina mbegu humo na uache mpaka maji yapoe, zilale humo usiku mmoja. Asubuhi zilizovimba zimekubali, zipande. Ambazo hazikuvimba, rudia. Usizichemshe mbegu zikiwa juu ya moto, hapo unapika githeri. Kwa mbegu chache unaweza kutumia kikata kucha: kata kijisehemu kidogo cha ganda upande ulio mbali na jicho la mbegu, kisha uiloweke kwenye maji ya kawaida.

Emitiot, mzeituni wetu wa porini, ambao wazee wanaujua kwa kusafishia vibuyu vya mursik, una kokwa ngumu kama jiwe. Ligonge taratibu lipate ufa bila kuponda kiini, kisha loweka siku moja au mbili. Hata hivyo miche haitatoka kwa pamoja. Usikivunje kitalu cha emitiot kwa sababu majirani zake wameota na wengine bado.

Mbegu inaweza kulala muda gani? Huko Marekani, mwaka 1879, mtaalamu wa mimea William Beal alifukia chupa 20 zenye mbegu za magugu zilizochanganywa na mchanga, katika chuo kimoja cha Michigan, zifukuliwe moja moja kwa miaka mingi. Chupa moja ilifukuliwa mwaka 2021, na baadhi ya mbegu zikaota. Nyingine inangoja mwaka 2040. Mkulima wa chai hahitaji kwenda Michigan kuliona jambo hili. Ukipogoa chai, wiki chache baadaye kishona-nguo kimejaa kati ya mistari. Hakikuletwa na upepo usiku huo. Kilikuwa chini kikingoja mwanga, na ulipoondoa majani ulikiwashia taa. Ndiyo sababu moja ya kuacha matawi yaliyopogolewa yafunike ardhi badala ya kuyabeba yote kwenda jikoni.

Sasa niende kwa ile mbegu ya mkebeni, kwa sababu huku ndiko tunakopoteza zaidi.

Kuna mbegu ambazo hazijui kulala kabisa. Zinaanguka zikiwa na maji ndani, ziko tayari kuota, na ukizikausha unaziua. Mfano mzuri umewazunguka: chai yenyewe. Katikati ya karne ya 19, Mwingereza Robert Fortune alitumwa kuchukua chai kutoka China kuipeleka India. Mbegu zilizosafirishwa kwa njia ya kawaida zilikuwa zikiharibika njiani. Hatimaye alizipanda kwenye udongo ndani ya masanduku ya vioo, nazo zikaota zikiwa safarini. Siku hizi chai yetu tunaipanda kwa vipandikizi, kwa hivyo wengi hatujawahi kushika mbegu yake, lakini ukiokota moja leo na kuiweka kwenye dirisha lenye jua hadi mwisho wa mwezi, umeiua.

Tendwet ni wa tabia hiyo, na lamaiywet zaidi yake. Tendwet ndio ule ambao gome lake linasakwa kwa dawa ya tezi dume, na biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti tangu 1995. Mbegu yake haivumilii kukauka sana wala kungoja. Chukua matunda yaliyoiva, yenye rangi ya zambarau iliyokolea, si yale ya zamani yaliyotoboka chini ya mti. Yasugue kwenye maji utoe nyama, kausha kivulini kwa muda mfupi tu, upande ndani ya siku chache. Usiyaanike kwenye mabati. Baada ya hapo subiri, kwani huchukua mwezi mmoja hadi miwili kutokeza. Lamaiywet isilale nyumbani hata wiki.

Kwa hiyo ratiba ya kitalu cha miti hii haifuati mvua wala sikukuu. Inafuata mti unapozaa. Taifa limeweka lengo la miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hata siku ya mapumziko ili tupande. Ni jambo jema, lakini mche wa tendwet unaopandwa siku kama hiyo lazima uwe ulitiwa kitaluni miezi mingi kabla, siku ambayo hapakuwa na kamera. Nasema hivyo nikiwa mwenye kamera.

Nitawaambia kwa nini kaunti inalijali jambo hili kiasi cha kuwakusanya. Mikaratusi huota kwa urahisi. Kikundi kikipoteza vitalu viwili vya miti ya asili, cha tatu kitakuwa cha mikaratusi, na siwezi kukilaumu, kwa sababu soko la kuni za viwanda vya chai lipo na ada za shule hazingoji. Ila chemchemi zetu na kingo za mito inayotoka Mau Kusini Magharibi haziwezi kutunzwa kwa mikaratusi, na mahali hapo hatuwezi kusema tuache msitu ujirudie wenyewe. Watafiti waliochunguza udongo wa misitu ya nyanda za juu za Ethiopia, inayofanana na yetu, walikuta kwamba mbegu nyingi zilizolala humo ni za magugu na vichaka. Miti mikubwa, tendwet akiwemo, hutunza kizazi chake kwa miche midogo inayosubiri chini ya kivuli. Ukikata mti na kulima pale miaka kadhaa, kishona-nguo bado kimo udongoni. Tendwet hayumo. Atarudi akiletwa na ndege kutoka mti ulio karibu, au akiletwa na ninyi.

Mnaotaka kuokota mbegu ndani ya msitu wa serikali, piteni kwanza kwa chama chenu cha jamii cha msitu na kituo cha Huduma ya Misitu mpate ruhusa. Kwa mbegu za kununua na ushauri, tuna bahati kwamba Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, ina kituo hapa hapa Londiani. Ulizeni maswali mawili kabla ya kulipa: mbegu hii ilivunwa lini, na iandaliwe vipi? Muuzaji asiyejua ilivunwa lini, bakini na pesa zenu.

Na kabla hamjamwaga mbegu yoyote mnayoiona mbovu, chukueni kumi muzikate katikati kwa wembe. Kiini kikiwa cheupe na kigumu, bado ina uhai, imelala tu. Kikiwa cha kahawia, kimesinyaa au kina unga wa wadudu, hiyo hata maji ya moto hayatasaidia. Maafisa wa misitu wako kwenye meza ile ya kushoto, wana wembe na ubao. Wenye mikebe yenu leteni sasa, tuanze na kina mama wa isageek kwa sababu wana gari la kuwahi.