Goti la Brian Mandela

Msikilizaji, kwenye viwanja vyetu vya vumbi hapa Huruma, beki akiumia goti hukandwa kwa maji moto, akafungwa bendeji, na wikendi inayofuata kocha anamtarajia uwanjani. Ndiyo maana kisa cha Brian Mandela hakijapitwa na wakati.

Juni 2019 Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, walikuwa kambini Ufaransa wakijiandaa kwa Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri. Mandela, nguzo ya ulinzi, akaumia goti mazoezini. Bila yeye, Kenya ilifungwa mabao 7 katika mechi 3 dhidi ya Algeria, Tanzania na Senegal. Sisemi angeyazuia yote. Algeria ile ndiyo iliyotwaa kombe.

Jeraha la aina hiyo limewastaafisha wengi. Yeye, mwaka 2020, alisajiliwa na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, na msimu wa 2020/21 ukaisha wakiwa mabingwa wa ligi.

Beki aliyetoka kuuguza goti usimpime kwa matokeo pekee. Mtazame akiruka kupiga kichwa: anatua kwa miguu yote miwili, au anauhurumia mmoja? Mshambulizi akimpita, anageuka mara moja au anasitasita? Hapo ndipo utajua kama amerudi kweli.

Viongozi wa timu za mtaani, kabla ya kuchangisha pesa za jezi mpya, tafuteni mtaalamu wa viungo. Nawe kijana, goti likivimba, usiingie uwanjani hata kocha akikubembeleza.