Kudumu katika Kazi ya Dini Ugenini

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Tunamhimidi, tunamtaka msaada na tunamwomba msamaha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake, na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema mpaka siku ya malipo. Amma baad.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni ninyi na kuiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, kwa maana hapana akiba iliyo bora kuliko hiyo.

Ndugu Waislamu mliohudhuria katika msikiti huu wa Mikese, nanyi ndugu wasikilizaji mlio majumbani na vyuoni. Baada ya sala ya Ijumaa iliyopita alinijia kijana mmoja, mwanafunzi wa dini, ambaye amekubali kwenda kufundisha katika nchi jirani. Safari yake imekwisha kutayarishwa. Hakuniuliza juu ya nauli wala juu ya vitabu. Aliniuliza hivi: "Sheikh, siku ya kwanza siiogopi. Naiogopa siku ya mia. Moyo ukichoka, nitafanyaje?"

Sikumjibu siku ile, bali nilimwambia aje Ijumaa ya leo. Jawabu lake ndilo hotuba yetu, kwa kuwa swali lile si lake peke yake. Ni swali la kila mwalimu wa chuo anayekaa na watoto wale wale, na ubao ule ule, na alifu ile ile. Ni swali la mama anayewaamsha watoto wake alfajiri, leo na kesho na keshokutwa. Na ni swali la kila mwanafunzi aliyeanza kuhifadhi Qurani kwa shauku, kisha akafika katikati akaona njia ni ndefu.

Ndugu zangu, sisi watu wa Mikese twaijua habari ya njia. Zamani za misafara, waliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji walipita pande hizi kwa miguu, Milima ya Uluguru ikiwa mbele yao. Mwaka 1907 reli iliyoanzia Dar es Salaam ikafika Morogoro, na leo magari yapita katika barabara kuu usiku na mchana. Abiria huiona njia mara moja, akapita. Lakini njia haidumu kwa sababu ya abiria. Yadumu kwa sababu ya mtu asiyesafiri: yule anayefyeka majani kando ya reli, na kukaza kilicholegea, na kuzibua mfereji kabla ya masika. Lau angefanya kazi siku anazojisikia tu, nani angefika salama? Basi kazi ya dini nayo ina siku ya kusafiri, nayo ni moja. Na ina siku za kufyeka majani, nazo ni nyingi.

Tazameni habari za waliotutangulia. Katika mwaka wa tano tangu kupewa utume, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwaruhusu masahaba wake wahamie Habasha, ng'ambo ya bahari, katika bara letu hili la Afrika. Sote twaikumbuka siku tukufu aliposimama Jaafar bin Abi Talib mbele ya Najashi, akamsomea Suratu Maryam mpaka mfalme akalia. Siku ile husimuliwa katika kila chuo. Lakini ilikuwa siku moja. Jaafar alikaa Habasha zaidi ya miaka kumi; hakurejea mpaka mwaka wa saba wa Hijra, wakati wa Khaybar. Habari za siku zile nyingine vitabu havikuzieleza sana, kwa kuwa zilikuwa siku za kuamka, na kusali, na kutafuta riziki, na kulea watoto waliozaliwa ugenini, kama mwanawe Abdallah. Badri ilipita wao hawapo. Uhud ilipita wao hawapo.

Waliporejea Madina, Sayyidna Umar alimwambia Asma binti Umays, mkewe Jaafar, kuwa watu wa Madina wamewatangulia katika Hijra. Bibi yule alikasirika. Alimwambia kuwa wao wa Madina walikuwa pamoja na Mtume, akimlisha mwenye njaa wao na kumwaidhi asiyejua, hali wenzao wako katika nchi ya mbali kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Kisha akayapeleka maneno hayo kwa Mtume. Naye Mtume akahukumu kuwa Umar na wenziwe wana hijra moja, na watu wa jahazi wana hijra mbili. Hadithi hii imepokewa na Bukhari na Muslim.

Zingatieni, ndugu zangu. Jaafar na wenziwe hawakushika upanga katika Badri wala Uhud. Walikaa tu mahali walipowekwa, wakaishika dini yao mwaka baada ya mwaka, mbali na Mtume wao. Wao wenyewe hawakujua kuwa siku zile zinaandikwa mara mbili.

Nami sikuambieni haya kama mtu asiyepata kuchoka. Katika miaka ya 1990, baada ya vita vya Msumbiji kwisha mwaka 1992, nilikuwa kijana, nikapelekwa kufundisha katika kijiji kimoja ng'ambo ya mto Ruvuma. Miezi ya mwanzo watoto walijaa mpaka nje ya kibanda, na kila usiku nilikuwa nikiandika hesabu yao katika daftari. Ukaja msimu wa korosho. Watoto wakachukuliwa mashambani kuokota, na daftari langu likapungua: thelathini, kumi na wawili, watano. Nikaanza kuchelewa kutoka. Nikaanza kusoma juu juu, macho yangu yakiwa barabarani. Barua za nyumbani zilikuwa haba, na moyoni nilikuwa nimekwisha kuifunga mizigo yangu.

Alasiri moja hakuja mtoto hata mmoja. Alikuwapo bibi mmoja mzee, ambaye kwa miezi mingi alikuwa akikaa mlangoni kujifunza Suratul Fatiha, naye ulimi ulimwia mzito. Nikamwambia, "Bibi, rudi nyumbani. Leo hakuna wanafunzi." Akanitazama, akasema, "Mwalimu, kwani mimi si mwanafunzi?"

Wallahi, ndugu zangu, nimesomeshwa na masheikh wengi, lakini sikupata kusomeshwa kama siku ile. Niliona haya, nikakaa, nikamsomesha aya moja mpaka jua likazama. Usiku ule sikuandika kitu katika daftari. Nilifahamu kuwa nilikuwa nikihesabu vichwa, na kuiita hesabu ile kazi ya Mwenyezi Mungu. Watu walipokuwa wengi nilipata nguvu kutoka kwao. Walipoondoka, nguvu iliondoka nao. Nabii Nuhu, amani iwe juu yake, alikaa katika watu wake miaka elfu kasoro hamsini, akiwalingania usiku na mchana, na Qurani inatuambia kuwa hawakuamini pamoja naye ila wachache. Je, tutasema kuwa Nuhu hakufanya kazi?

Basi, ewe kijana uliyeniuliza, na kila aliye katika hali kama yako, shika mambo matatu.

La kwanza, ifanye upya nia yako kila asubuhi. Mtume ametufundisha kuwa amali huenda kwa nia. Nia huchakaa kama nguo ichakaavyo, na mwenye nguo moja hana budi kuifua mara kwa mara. Kabla hujatoka kwenda chuoni, simama kitambo mlangoni pako, ujiulize: Leo natoka kwa ajili ya nani?

La pili, shika kidogo unachokiweza, wala usikiache. Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, amepokea kwa Mtume kuwa amali impendezayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile inayodumishwa, hata ikiwa ndogo. Tunaye mfano katika pwani yetu hii. Habib Saleh, sharifu wa ukoo wa Jamalilail, alitoka Ngazija akaja kukaa Lamu akiwa mgeni. Aliwakalisha katika darsa yake watu wanyonge, wakiwamo waliokuwa watumwa na wana wao, ambao wakuu wa mji hawakuwapa nafasi. Akaendelea hivyo kwa miongo mingi, mpaka alipofariki mwaka 1935. Msikiti wake wa Riyadha ungali ukisomesha, na wanafunzi wake wameenea Afrika ya Mashariki. Na Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, aliyefariki mwaka 1982, aliifasiri Qurani nzima kwa Kiswahili hali ana kazi za ualimu na baadaye ukadhi. Tafsiri ile ikachapishwa kamili mwaka 1969. Kazi kama ile haifanywi kwa usiku mmoja wa shauku. Hufanywa aya kwa aya.

La tatu, usiitese nafsi yako ukadhani ndiyo ibada. Imepokewa kuwa Mtume aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza, akaambiwa kuwa ni ya Bibi Zaynab, hujishikiza nayo anapochoka katika sala. Mtume akaamrisha ifunguliwe, akasema kuwa mtu na asali akiwa na uchangamfu, akichoka na akae. Salman naye alimkataza nduguye Abu Dardai kufunga kila mchana na kusimama kila usiku, akamkumbusha kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki. Na Mtume akasema kuwa Salman amesema kweli. Basi mwalimu na alale, na ale, na acheke na majirani zake, na awaandikie wazazi wake. Kupumzika ili kurejea kazini si kuiacha kazi. Hata wanafunzi wana kuchoka: Abdallah bin Masud alikuwa akiwaidhi watu kila Alhamisi tu, akichelea kuwachosha, kwa kufuata mwendo wa Mtume.

Sasa narejea kwenu, ndugu zangu wa Mikese na kila mji uliopokea mwalimu kutoka mbali. Twapenda kusema, "Ustadhi amelegea." Lakini tujiulize, nani aliyemlegeza? Mwalimu mgeni ana mama yake kama ninyi mlivyo na mama zenu. Ni nani kati yetu aliyemwita kula naye jioni, mbali na mwezi wa Ramadhani? Ni nani aliyekwenda kumtazama alipopata homa? Siku ya maulidi twamsifu mbele za watu, na siku ya Jumatatu twamwachia chuo kitupu. Mzazi anayempeleka mtoto wake chuoni kwa wakati, kila siku, amemsaidia mwalimu yule kuliko mwenye kumpa zawadi mara moja kwa mwaka. Nanyi vijana wa vyuo, pamoja na wa Chuo Kikuu cha Waislamu cha hapa Morogoro kilichoanza kusomesha mwaka 2005, mkirudi likizo nyumbani, kaeni na mwalimu aliyewafundisha alifu. Msikilizisheni mlichojifunza. Hilo kwake ni malipo makubwa.

Ama yule bibi wa ng'ambo ya Ruvuma, aliihitimu Suratul Fatiha kabla ya masika. Aliisoma mbele yangu yote, taratibu, machozi yakimtoka, kisha akakunja mkeka wake akaenda kusali Magharibi. Sijui kama katika maisha yangu nimefanya kazi nyingine iliyo kubwa kuliko ile, na nilikuwa karibu kuiacha kwa sababu hapakuwa na watu wa kuhesabu.

Basi, mwanangu, jawabu la swali lako ni hili. Siku ya mia moyo wako utachoka, wala usistaajabu. Siku hiyo usiungoje moyo. Chukua udhu, toka, ukae mahali pako, umsomeshe atakayekuja. Asipokuja mtu, soma wewe, kwani nawe ni mwanafunzi. Mara nyingi moyo hufuata mahali mwili ulikotangulia.

Ewe Mwenyezi Mungu, wathibitishe walimu wetu walio mbali na makwao. Walinde wazee wao waliowaacha nyumbani. Wape subira wanapopungukiwa, na uwakinge na kiburi wanapofanikiwa. Tujaalie sisi wenye kuwapokea tuwe ndugu kwao. Utusamehe sisi, na wazazi wetu, na walimu wetu walio hai na waliotangulia, na Waislamu wote.

Nasema maneno yangu haya, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na kwa ajili yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwingi wa rehema.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.