Deni la Pumzi: Mhadhara wa Umma juu ya Mazoezi ya Vipindi, Mbio za Mwendo Mmoja na Hesabu ya Kalori



Maudhui ya jioni hii ni ikhtilafu iliyoenea katika viwanja na nyumba za mazoezi za miji yetu, nayo ni hii: mtu atakaye kupunguza mafuta ya mwili wake, njia ipi imfaayo zaidi, kukimbia mwendo mmoja usiobadilika kwa muda mrefu, au kukimbia kwa vipindi, yaani kujitoa kwa nguvu zote kwa muda mfupi, kupumzika kidogo, kisha kurudia tena na tena? Washikao kauli ya pili wamepata wafuasi wengi, na hujja yao kubwa ni kwamba mwili uliotumikishwa kwa vipindi huendelea kuunguza mafuta kwa saa nyingi hata baada ya mtu kwisha koga na kulala. Nakusudia kubainisha kwamba hujja hiyo ina ukweli mdogo na mubalagha mkubwa, na kwamba fadhila ya vipindi, ambayo ni kubwa kweli, haimo katika kalori.

Tuanze na mizani yenyewe. Joto la mwili na pumzi ni mambo yaliyofungamana, na aliyeyafunga kwa ithibati ya vipimo ni Lavoisier wa Ufaransa, aliyeonyesha pamoja na Laplace, katika miaka ya 1780, kwamba mnyama avutaye pumzi hutoa joto kwa namna moja na mkaa uwakao. Vizazi vya wataalamu vilivyofuata vikaijaza kanuni hiyo kwa hesabu, hata leo tunajua kwamba kila lita 1 ya oksijeni itumiwayo na mwili hutoa takriban kilokalori 5, ikizidi au kupungua kidogo kwa kadiri ya wanga na mafuta yanayounguzwa. Kwa hiyo adaiye kwamba zoezi lake huunguza zaidi, sharti atuambie lita ngapi. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 6 kwa dakika 40 hutumia kadiri ya kilokalori 420, kwani kukimbia hugharimu takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita, na ajabu ya gharama hiyo ni kwamba haibadiliki sana akiongeza mwendo au akiupunguza, maadamu anakimbia wala hatembei.

Natuitazame sasa hujja ya vipindi pale inapodaiwa kuwa na nguvu kuliko pote, yaani katika mtindo uliopata jina la Tabata. Izumi Tabata na wenzake, wa Taasisi ya Taifa ya Siha na Michezo ya Kanoya huko Japani, walichapisha mwaka 1996 taarifa ya jaribio lililotokana na mafunzo ya kocha Irisawa Koichi, aliyekuwa akiwafundisha wanamichezo wa mbio za kuteleza juu ya barafu. Kundi moja la vijana liliendesha baiskeli ya mazoezi kwa saa 1, kwa nguvu ya asilimia 70 ya uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni. Kundi la pili likaendesha kwa sekunde 20 kwa nguvu ya asilimia 170 ya uwezo huo, likapumzika sekunde 10, na likarudia mara 7 au 8 hadi kuishiwa. Baada ya wiki 6 za siku 5 kila wiki, uwezo wa kutumia oksijeni uliongezeka kwa wote, ila wale wa vipindi waliongeza pia, kwa asilimia 28, uwezo wa misuli kufanya kazi isiyongoja oksijeni, jambo ambalo wenzao hawakulipata kabisa. Hayo ni matokeo ya kustahiwa. Lakini mafuta ya mwili hayakuwa miongoni mwa mambo yaliyopimwa, wala Tabata hakudai katika taarifa ile kwamba dakika 4 zinamkondesha mtu. Na wengi wa wanaolitaja jina lake hawasemi kwamba vijana wale wa vipindi, siku moja ya kila wiki, waliendesha kwanza dakika 30 za mwendo wa kawaida.

Tufanye hisabu wenyewe. Mtu wetu wa kilo 70, tumjaalie uwezo mzuri wa lita 3.5 za oksijeni kwa dakika, tena tumkirimu kwa kudhani kwamba ameutumia uwezo huo wote kwa dakika 4 bila kupungua hata mara moja. Jumla ni lita 14, nazo ni kilokalori 70. Mbele ya 420 za yule aliyekimbia dakika 40, hapana haja ya mdahalo mrefu.

Hapo ndipo mtetezi wa vipindi hutukumbusha deni. Naye ana haki, kwani deni lipo. Mwingereza A. V. Hill, aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922, ndiye aliyelipa jina la deni la oksijeni: mtu aliyejitaabisha huendelea kuhema baada ya kusimama, kwa kuwa misuli imetumia akiba isiyolipiwa. Wataalamu wa baadaye waliirekebisha tafsiri yake, wakaonyesha kwamba sehemu ya oksijeni hiyo hurudisha akiba ya fosfokreatini, sehemu huijaza damu, na sehemu hutumiwa kwa kuwa moyo ungali unapiga mbio na mwili ungali na joto. Suala ni ukubwa wake. LaForgia, Withers na Gore wa Australia walikusanya mwaka 2006 uchunguzi mwingi uliotangulia, wakakuta kwamba oksijeni itumiwayo baada ya zoezi ni asilimia 6 hadi 15 tu ya gharama ya zoezi lenyewe. Chukueni hiyo 15, kisha mwongezee mtu wetu juu ya kilokalori zake 70: amepata kama 10, ambazo hazifikii kijiko kimoja cha chai cha sukari. Huo ndio moto unaosemwa kwamba huwaka usiku kucha.

Fadhila ya vipindi, basi, iko wapi? Iko katika muda, na katika moyo. Wewege na wenzake wa Sydney walipolinganisha, mwaka 2017, majaribio yaliyofanywa kwa watu wenye uzito wa kupindukia, walikuta mafuta yaliyopungua kwa njia zote mbili ni karibu sawa, ilhali wenye vipindi walitumia muda pungufu kwa asilimia 40 hivi. Huko Kanada, katika Chuo Kikuu cha McMaster, kundi la Martin Gibala lilionyesha mwaka 2016 jambo la kustaajabisha zaidi: watu wasiokuwa na mazoea ya mazoezi, waliojibidiisha kwa sekunde 20 mara 3 tu ndani ya zoezi la dakika 10, siku 3 kwa wiki kwa wiki 12, waliongeza uwezo wao wa kutumia oksijeni kwa asilimia 19, sawasawa na wenzao waliokwenda mwendo wa wastani kwa dakika 45 kila mara. Kwa mama arudiye sokoni magharibi, au karani atokaye kazini gizani, hiyo ni neema, nami ningemwomba kila daktari amweleze mgonjwa wake habari hiyo.

Kuhusu kalori, liko jambo lililothibitishwa katika nchi yetu wenyewe lenye uzito kuliko ugomvi wote huu. Herman Pontzer na wenzake walikwenda kwa Wahadza, karibu na Ziwa Eyasi, wakapima nishati yao kwa maji yenye alama, na mwaka 2012 wakatangaza kwamba wawindaji wale, wanaotembea kila siku zaidi kuliko wakazi wa mijini, hawatumii kwa siku nzima nishati zaidi ya Wamarekani na Wazungu, ukizingatia ukubwa wa mwili. Aghalabu mwili uliozoea kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine. Maana yake kwetu ni kwamba unene hauna budi kushughulikiwa kwanza katika sahani, na zoezi, la aina yoyote, lithaminiwe kwa lile linaloufanyia moyo, damu na akili.

Wakimbiaji wa Iten, huko Kenya, hawagombani katika jambo hili: Alhamisi hukimbia kwa vipindi, dakika ya nguvu na dakika ya pole, na siku nyingi nyingine huenda mwendo mlaini wa masafa marefu. Shirika la Afya Duniani nalo limeturuhusu tuchague, kwa wiki, dakika 150 hadi 300 za kazi ya wastani, au 75 hadi 150 za kazi nzito, au mchanganyiko wake.

Ninawaomba, basi, walimu wa mazoezi walio humu ukumbini wayafanye mambo mawili. La kwanza, waondoe katika matangazo yao ahadi ya kuunguza mafuta usingizini. La pili, wasimwanzishe mtu vipindi vya nguvu zote kabla ya kumwuliza juu ya presha, kisukari na maumivu ya kifua, na mwenye mojawapo wampeleke kwanza kwa daktari.