Maji ya Bure kwa Wageni Wasiotakiwa

Fungu letu la leo ni Injili ya Marko, sura ya 6, kifungu cha 30 hadi cha 44, mahali tunaposoma jinsi Bwana alivyowalisha wanaume 5,000 nyikani. Mwenye Biblia na aiweke karibu. Kabla ya kuifungua, nataka kuwasimulia habari ya mkutano mwingine wa watu wenye njaa, uliofanyika nchi ya mbali.

Mwezi wa Agosti mwaka 1969, katika jimbo la New York kule Marekani, kulifanywa tamasha la muziki mahali pa wazi. Ulimwengu hulijua kwa jina la Woodstock, ingawa mji wenye jina hilo uko mbali na hapo, kadiri ya kilomita 70. Watayarishaji walikuwa wamekataliwa katika mji wa Wallkill mwezi mmoja tu kabla ya siku yenyewe. Ndipo mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Bethel, jina lake Max Yasgur, Myahudi, akakubali kuwakodisha shamba lake.

Wenyeji waliambiwa ya kwamba watu hawatazidi 50,000. Wakaja zaidi ya 400,000! Barabara zikajaa hata magari yakaachwa njiani na vijana wakaenda kwa miguu. Wapigaji muziki waliletwa kwa helikopta. Ua lilikuwa halijamalizika, kwa hiyo tiketi hazikuwa na kazi tena. Kisha mvua ikanyesha, shamba likawa tope, na chakula kikapungua kabisa.

Machoni pa wenyeji wengi, hao hawakuwa wageni wa kupendeza. Walikuwa na nywele ndefu na mavazi ya ajabu. Wengine walivuta bangi hadharani, wengine walioga uchi mbele za watu. Hayo siyasifu hata kidogo. Kijana mmoja alikufa kwa madawa ya kulevya, na mwingine aliyekuwa amelala shambani alikanyagwa na trekta. Hayo ni machozi ya wazazi.

Yasgur naye hakukubaliana na vijana wale katika mengi. Hata kuhusu vita vya Vietnam, walivyovipinga sana, yeye alikuwa upande mwingine. Tena majirani walikuwa wamemkasirikia. Hata kabla ya tamasha kuanza, palibandikwa tangazo la kuwashawishi watu wasinunue maziwa yake.

Lakini aliposikia ya kwamba watu fulani wanawauzia vijana maji, alighadhibika. Aliweka kibao kikubwa penye ghala lake kando ya barabara, kutangaza maji ya bure. Akawaambia watoto wake wachukue chupa tupu za maziwa, wazijaze maji na kuwagawia wageni. Maziwa yake nayo yakatolewa vivyo hivyo. Fikiri, ndugu yangu. Kodi ya shamba alikuwa amelipwa, naam, hiyo ilikuwa biashara. Lakini katika mapatano yale hakuna aliyeandika habari ya kiu. Na katika mji wa karibu wa Monticello, akina mama Wayahudi walikata mikate, wakaitia nyama, na watawa wakaenda kuigawa.

Vijana wale, walio hai, leo ni wazee waliopita miaka 70. Wanakumbuka jinsi Richie Havens alivyofungua tamasha siku ya Ijumaa, na Jimi Hendrix alivyolifunga Jumatatu asubuhi, wengi wakiwa wameshakwenda zao. Lakini katika masimulizi yao mengi utasikia pia habari ya tope, ya njaa, na ya mtu wasiyemjua aliyewapa maji au kipande cha mkate. Miaka zaidi ya 50 imepita, na kipande kile cha mkate hakijasahauliwa.

Sasa turudi kwa Marko. Wanafunzi walikuwa wamechoka, nao walikwenda mahali pa faragha wapumzike. Mkutano ule haukualikwa. Jioni ilipofika, wanafunzi walitoa shauri la busara: waageni watu hawa, waende vijijini wakajinunulie. Bwana akawarudishia mzigo wao wenyewe, akawaambia kazi ya kuwalisha ni yao. Hakuuliza kwanza ni nani katika mkutano ule aliye mwema na nani aliye mwovu. Aliwahurumia, akawaketisha majanini, akaumega mkate. Na vikapu 12 vikasalia.

Ndugu msikilizaji, huenda kijijini kwako wako vijana ambao huwapendi. Muziki wao unakuudhi, mavazi yao yanakuaibisha, wala kanisani hawaonekani. Unaona afadhali waende mbali. Lakini kumbuka, kila mmoja wa wale 400,000 alikuwa mtoto wa mtu. Mama yake alikuwa nyumbani, hajui kama amekula. Labda wewe nawe unaye mtoto aliye mbali usiku huu, ambaye hajaandika wala kupiga simu siku nyingi. Akipita mlangoni pa mtu akiwa na kiu, ungependa amkute mwenyeji wa namna gani? Basi, kuwa mwenyeji huyo kwa mtoto wa mwenzako. Maonyo yana wakati wake, na kijana aliyekunywa maji yako atakusikiliza vizuri zaidi. Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Na tuombe. Ee Baba wa rehema, wewe huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Utusamehe milango tuliyoifunga. Wakumbuke watoto wetu walio njiani, uwape watu wa kuwapokea. Nasi utufanye tayari kuwapokea wa wengine. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.