NENO LA TAWI KWA WANACHAMA: FOMU ZA UMMA ZISIPITIE MLANGO MMOJA WA IBADA



Haya ni maneno ambayo ofisi ya katibu iliyasema kwenye mkutano wa wanachama wa tawi Jumatano jioni. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakufika, hasa wenzetu wa dagaa waliokuwa ziwani. Mkiona tulipokosea, mtuambie.

Wapo waliouliza kwa nini tulikutana Jumatano. Ijumaa mchana ndugu zetu Waislamu wako msikitini. Jumamosi Wasabato wanasali, na hapa Kanda ya Ziwa Wasabato si wachache. Jumapili wengine wako kanisani. Tukachagua Jumatano saa kumi na moja jioni, tukafunga kabla ya adhana ya magharibi. Wanakwaya wawili walituaga mapema, tunawaomba radhi. Tunalitaja hili kwa sababu mada yetu ilikuwa hiyohiyo: namna ya kuendesha mambo ya watu wote bila kumfanya yeyote ajione mgeni kwa sababu ya dini yake.

Jambo lililotukutanisha mnalijua. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana, asilimia 2 watu wenye ulemavu. Safari hii ofisi moja ya serikali hapa jirani ilipeleka taarifa za fomu kwenye nyumba moja tu ya ibada, zikasomwa pamoja na matangazo ya ndoa. Waliokuwepo walijaza wiki ileile. Mama zetu wengine, wanaoanika dagaa juani kila siku, walisikia zikiwa zimebaki siku mbili. Hatusemi kulikuwa na nia mbaya. Inawezekana mhusika aliona pale ndipo penye watu wengi. Lakini fedha ile inatokana na ushuru na tozo za watu wote, na mchuuzi anapolipa ushuru haulizwi anasali wapi.

Ugumu wake ni huu: wengi wetu tunasali pale pale. Vikundi vitatu vilivyowahi ni vya wanachama wetu. Ndugu mmoja alituambia kwa nia njema kabisa, "Katibu, nyamaza, hii imetuangukia sisi." Ndiyo maana tuliitisha mkutano. Kutetea mpaka kati ya dini na serikali ni rahisi pale mpaka unapovukwa na jirani. Kazi ni pale unapovukwa kwa faida yako.

Kabla ya kunyoosha kidole, tulianza na hesabu zetu wenyewe. Mwaka jana tawi lilitoa shilingi 200,000 kwenye harambee ya kanisa analosali mmoja wa viongozi wetu. Fedha zilitoka kwenye ada za wanachama. Zikatangazwa kwa jina lake, makofi yakapigwa. Hati ya malipo tuliisaini sisi, ofisi ya katibu, ambao tumesomea uhasibu na tulijua kwamba matumizi yale hayakuwa na fungu. Miezi miwili baadaye tukaona kwenye daftari la ada majina ya ndugu kumi na wawili hayaendelei. Hawakugomba wala hawakuandika barua. Waliacha tu kulipa. Tulipowafuata, mzee mmoja akatujibu kwa utaratibu: "Hamkutuuliza." Tumeirudisha fedha ile kutoka mifukoni mwetu, stakabadhi ipo, na mweka hazina ameionyesha mkutanoni. Sita kati yao wamerudi. Wengine bado tunawasubiri, na tunastahili kusubiri.

Sasa tuangalie Katiba yetu ya mwaka 1977 inasemaje. Ibara ya 3 inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini. Haisemi wananchi hawana dini. Mwalimu Nyerere alilieleza hili miaka mingi: dini ni ya watu, serikali haina. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani, na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ibara ya 20 inazuia kusajiliwa chama cha siasa chenye kusudi la kukuza maslahi ya dini fulani. Mtaona kwamba mpaka huu unalinda pande mbili. Dini isishike mihuri ya serikali, na serikali nayo isishike funguo za msikiti na kanisa.

Historia yetu ina malalamiko ya pande zote, na ni vizuri tuyataje yote kwa pamoja. Mwaka 1968 jumuiya ya Waislamu ya EAMWS ilipigwa marufuku na BAKWATA ikaundwa. Wapo Waislamu ambao mpaka leo wanasema serikali iliingia nyumbani mwao. Mwaka 1992 serikali ilitia saini hati ya makubaliano na makanisa, kupitia TEC na CCT, kuhusu huduma za elimu na afya, na Waislamu wengi wakauliza kwa nini wao hawamo. Mwaka 1993 ilikuwa zamu ya Wakristo kulalamika, Zanzibar ilipokuwa imejiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC. Mwaka huohuo Zanzibar ikajitoa. Kila upande una jeraha lake. Anayeanza mazungumzo kwa jeraha lake peke yake hafiki mbali.

Na sisi wa Kanda ya Ziwa tuna jeraha letu. Mwaka 2013 ulizuka mgogoro wa nani achinje nyama ya kuuzwa, Mwanza na Geita. Februari mwaka huo, Buseresere mkoani Geita, mchungaji mmoja aliuawa. Serikali iliagiza utaratibu wa zamani wa Waislamu kuchinja uendelee, lakini majirani walikuwa wameshaangaliana kwa jicho jingine. Lilikuwa suala la buchani. Suala la namna hiyo likizungumzwa mapema, mezani, pande zote zikiwepo na muhtasari ukiandikwa, huwa ni ajenda ya nusu saa. Likiachwa likakomaa kwenye mahubiri na kwenye vijiwe, linazika watu. Nasi hatutaki mikopo ya asilimia 10 iwe bucha nyingine.

Mkutanoni kijana mmoja aliuliza: basi na Bugando tuiulize? Swali zuri. Hospitali ya Bugando inamilikiwa na Baraza la Maaskofu Katoliki, na serikali inachangia uendeshaji wake. Kwa maoni yetu hapo hakuna kosa, mradi mambo mawili yawepo: mgonjwa asiulizwe dini mlangoni, na kila shilingi ya umma iandikwe kwenye vitabu vinavyokaguliwa. Ni hivyohivyo kwa Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, ambacho serikali ya awamu ya tatu ilikipa majengo yaliyokuwa chuo cha TANESCO. Kutenganisha dini na serikali hakumaanishi kukatazana kusaidiana. Maana yake ni kwamba huduma ya umma haina mlango wa dini, na hesabu hazichanganywi.

Mwingine akauliza: je, maaskofu walipotoa waraka Agosti 2023 kupinga mkataba wa bandari, hawakuvuka mpaka? Mkutano haukukubaliana wote, nasi tunasema msimamo wetu. Askofu, sheikh na mchungaji ni raia, wana haki ya kusema kuhusu mali ya nchi, na raia mwingine ana haki ya kuwapinga. Mpaka unavukwa pale mamlaka ya serikali inapotumika kwa ajili ya dini fulani au dhidi yake. Maneno yajibiwe kwa maneno. Kosa la mtu mmoja lishughulikiwe kwa sheria na yeye mwenyewe, waumini wasifungiwe nyumba yao ya ibada.

Baada ya hapo tulikubaliana njia za kufanyia kazi. Tunaziweka hapa ili mashina yazitumie.

Kwanza, tuanze na kwetu. Fedha ya tawi haitatoka tena kwenda kwenye harambee ya nyumba yoyote ya ibada. Mwanachama anayetaka kuchangia atoe cha mfukoni mwake, kwa jina lake, bila bendera. Wenzetu wa dini wenyewe wanaliona hili. Novemba 2024 Askofu Mkuu Katoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, alikataa fedha ambazo Rais William Ruto alizitoa kwenye kanisa moja la Soweto, Kayole. Kama kanisa linaweza kurudisha fedha ya mwanasiasa, tawi linaweza kuacha kuipeleka.

Pili, mwenye kusema awe wa nyumbani. Ikiwa upendeleo umeegemea kanisani, Mkristo atangulie kuuliza. Ukiegemea msikitini, Muislamu atangulie. Jambo lilelile likisemwa na mtu wa nje linaitwa chuki. Likisemwa na wa ndani linaitwa uadilifu.

Tatu, tutaje ibara na utaratibu, tusitaje dini. Kwenye barua yetu hakuna jina la kanisa, msikiti wala dhehebu. Kuna tarehe ya tangazo, mahali lilipotakiwa kubandikwa, na idadi ya siku ambazo watu walikosa.

Nne, tupande ngazi kwa mpangilio. Tunaanza na mtendaji wa mtaa, kisha kata, kisha diwani, kisha halmashauri. Mkutano wa wananchi wa mtaa ni haki yetu, na hapo mapato na matumizi husomwa. Barua iwe na nakala, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo hayana faili.

Tano, tuombe kinachowezekana. Tukidai wote waliojaza wafutwe, tutakuwa tumewaadhibu mama wasio na kosa. Tunaomba muda uongezwe na utaratibu ubadilike.

Sita, tukifanikiwa tusitambe. Anayetoka kwenye jambo hili akiwa ameaibishwa atalirudia kwa njia nyingine.

Hivyo barua ya tawi inaomba mambo matatu. Moja, muda wa kujaza fomu uongezwe. Mbili, kuanzia sasa tangazo la mikopo libandikwe kwanza kwenye ubao wa ofisi ya mtaa na lisomwe kwenye mkutano wa wananchi. Tatu, baada ya hapo nakala zipelekwe kwa wote kwa siku moja: misikiti, makanisa ya madhehebu yote, mwaloni, sokoni na vijiwe vya bodaboda. Hatukatazi nyumba za ibada kusoma tangazo, zinawafikia watu wengi na tunazishukuru. Tunachokataa ni nyumba moja kuwa ndiyo ofisi.

Tulipiga kura. Waliohudhuria walikuwa 43. Walioafiki barua ni 34, waliokataa ni 9. Hoja ya hao tisa ni kwamba tunaweza kupoteza wapiga kura kwa kuonekana tunawabania watu wetu. Imeandikwa kwenye muhtasari na hatuidharau. Jibu letu ni daftari la ada: majina kumi na mawili yalipotea kimyakimya siku tulipowapendelea "watu wetu". Na waliowahi fomu safari hii, kesho ofisa akibadilika na tangazo likapelekwa mlango mwingine, watalia kwa nani?

Barua itapelekwa na mama wawili wa tawi letu, mmoja anasali pale tangazo liliposomwa, mwingine ni Muislamu aliyekosa fomu. Wamekubali wote wawili, tena walifanya kazi ya dagaa pamoja kabla chama hakijawakutanisha. Kabla ya kwenda, wanachama wa vile vikundi vitatu wameombwa nao wasaini. Mpaka tunaandika ujumbe huu vikundi viwili vimeshasaini. Cha tatu kimesema kinafikiri, na hakuna atakayekisumbua.

Anayetaka kusaini afike kwa katibu kabla ya Ijumaa saa tano asubuhi, ili asiwepo atakayekosa kwa sababu ya swala. Nakala ya barua, stakabadhi ya zile shilingi 200,000 na muhtasari wa mkutano vipo mezani, mwanachama yeyote anaruhusiwa kuvisoma.

Tunaomba ujumbe huu usambazwe kwenye makundi ya mashina kama ulivyo, bila kuongeza jina la nyumba yoyote ya ibada. Mkutano ujao tutauweka wakati wa mbalamwezi, ili ndugu zetu wa dagaa wawepo nchi kavu.



Imetolewa na Ofisi ya Katibu wa Tawi, Mwanza.