Ufundi wa Kuongoza Hisia: Uwanjani na Kitandani pa Mgonjwa



Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Jiji la Mexico, Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka njiani katika marathoni ya Olimpiki, akaumia vibaya goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Ilipita zaidi ya saa nzima ndipo Akhwari akaingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza.

Tunamsifu hadi leo, na anastahili. Ila sifa hizo zimetuzoesha kudhani kwamba ustahimilivu mtu huzaliwa nao. Kijana akikosa penalti, tunamwambia ajikaze. Mama akipewa majibu ya saratani, naye tunamwambia ajikaze. Namna ya kujikaza hatumfundishi yeyote kati yao. Nami nimekuja kusema kwamba kuongoza hofu, hasira na huzuni ni ufundi, na ufundi hufundishwa.

Tuanze na njia tuliyoizoea, ya kuficha. Mwaka 1998 mwanasaikolojia James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford alichapisha utafiti ambamo watu walionyeshwa filamu ya kuchukiza ya upasuaji. Baadhi waliambiwa wasionyeshe lolote usoni. Wengine waliambiwa waitazame kwa jicho la kitaalamu, kama somo la tiba. Nyuso za makundi yote mawili zilitulia. Lakini walioficha waliendelea kuchukizwa vilevile, na miili yao ikahangaika zaidi. Waliobadili namna ya kutazama ndio waliopata nafuu. Tafiti zilizofuata zilionyesha pia kwamba anayeficha hisia hukumbuka kidogo zaidi yale anayoambiwa wakati huo. Mfikirieni basi mgonjwa aliyekaza uso mbele ya daktari huku akielezwa jinsi ya kumeza dawa zake. Tunamsifu kwa ujasiri, kumbe maelekezo yanampita.

Njia ya pili ni kubadili tafsiri. Moyo kwenda mbio, viganja kutoa jasho, pumzi kupanda: hayo humpata mwenye hofu, na humpata pia mwenye shauku. Alison Wood Brooks wa Harvard alionyesha mwaka 2014 kwamba watu waliojiambia wana shauku kabla ya kuimba mbele ya wengine waliimba vizuri kuliko waliojiambia wana wasiwasi. Kocha anayemwambia mchezaji "tulia, tulia" anamdai jambo ambalo mwili wake haujawa tayari kulitoa. Amwambie: mwili wako umejiandaa, nenda ukapige.

Njia ya tatu hupitia mwilini, na hapa ndipo ufundi unapodai uangalifu. Wapo watu ambao wakiona sindano au damu, presha hushuka ghafla wakazimia. Ukimwambia mtu huyo alegeze mwili, huenda ukamharakishia kuanguka. Lars-Göran Öst wa Sweden na wenzake walibuni zoezi la kumsaidia mtu wa aina hiyo katika miaka ya 1980: kaza misuli ya mikono, miguu na kiwiliwili kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka usikie joto usoni, achia kwa sekunde 20 au 30, rudia. Presha hupanda, na mtu haanguki. Muuguzi anaweza kulifundisha zoezi hili palepale kwenye benchi, foleni ikiendelea kusogea.

Naomba nisieleweke vibaya. Mbinu hizi haziondoi uvimbe, wala haziungi mfupa. Mchezaji anayesikia maumivu ya kifua hahitaji tafsiri mpya. Anahitaji daktari mara moja. Na mwenye sonona nzito apelekwe kwa mtaalamu, asiachiwe mazoezi ya pumzi peke yake.

Lakini wataalamu wetu ni wachache, na hilo lisiwe kisingizio. Mjini Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza akina bibi, wahudumu wa afya wa jamii, kukaa benchini nje ya zahanati na kumsaidia mgonjwa achague tatizo moja, alipangie hatua, kisha arudi kueleza lilivyokwenda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulihusisha watu 573, takriban asilimia 42 kati yao wakiishi na VVU. Baada ya miezi sita, takriban asilimia 14 ya waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili za sonona, ilhali kwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa karibu asilimia 50. Bibi hao hawakuwa na shahada ya saikolojia. Walifundishwa, wakasimamiwa, wakaaminiwa.

Basi ombi langu kwa chuo hiki ni moja. Stadi hizi ziingizwe katika mafunzo ya kila kocha na kila muuguzi tunayemtunuku cheti, zifanyiwe mazoezi, na zitahiniwe kama tunavyotahini huduma ya kwanza. Siku hiyo tukimwambia mtu ajikaze, tutakuwa tumemfundisha kwanza jinsi ya kujikaza.